Kiembeni hadi Treasury Square kwa baisikeli: nipite wapi asubuhi, nirudi wapi jioni?

Mja_wa_Kiembeni

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Naomba msaada wa wanaoijua njia hii. Nyumbani ni Kiembeni, bara ya kaskazini ya Mombasa, kazini ni kisiwani, karibu na Treasury Square. Naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 11 jioni. Baisikeli ni ya mtumba, tairi 26 kwa 1.95 zenye meno, gia 18, breki za raba za kubana rimu. Ramani ya simu inanipitisha Malindi Road moja kwa moja, Kongowea, Daraja la Nyali, halafu Digo Road, kama kilomita 12 hivi.

Maswali yangu ni matatu. Kuna njia iliyo salama kuliko hiyo? Darajani nipite juu ya lami na magari, au kwenye njia ya waenda kwa miguu? Na baisikeli yenyewe nibadilishe nini kabla sijaanza? Sitafuti mwendo wa kasi. Nataka kufika mzima, na nirudi mzima.

Spoku36

Wa alaikumu salaam, ndugu. Ramani ya simu inatafuta umbali mfupi, haijui steji iko wapi wala lami imemeguka wapi. Kwenye safari yako usihesabu kilomita, hesabu mara unazokata kulia. Huku tunaendesha kushoto, kwa hivyo kila ukikata kulia unawapa mgongo wanaokufuata na ubavu wanaokuja, kwa wakati mmoja. Ajali ya baisikeli haikungoji barabara iliponyooka. Inakungoja hapo.

Asubuhi, cha kwanza ni pale unapotoka Kiembeni kuingia Malindi Road. Kiembeni iko upande wa bara, na magari ya kwenda mjini yako upande wa bahari, kwa hivyo lazima uvuke mkondo wa wanaokwenda Mtwapa. Shuka. Simama mbali kidogo na bodaboda waliojipanga, mahali ambapo dereva anakuona mwili mzima, uvuke ukiisukuma baisikeli, kisha uipande ukishafika ng'ambo. Ni dakika mbili tu. Usivuke nusu ukangoja katikati: baisikeli ina urefu wa karibu mita 1.8, na ukisimama katikati lazima gurudumu moja liwe ndani ya njia ya mtu.

Ukishapanda, fuata Malindi Road hadi duka kubwa la City Mall. Kipande hiki ndicho kibaya zaidi katika safari nzima, na hakikwepeki kirahisi. Malori ya saruji, mabasi ya Malindi na matatu zote zinakitumia. Kaa kama sentimita 70 hadi mita moja kutoka ukingo wa lami. Wengi hujibana ukingoni wakidhani ndiyo usalama, kumbe ukingoni ndiko kwenye mchanga, vigae vya chupa na lami iliyomeguka, na dereva akikuona umejibana anajaribu kukupita hata pasipo na nafasi. Ukiacha ile mita moja, anapokusogelea una pa kukimbilia.

Sasa sikiliza vizuri hili la ukingo, kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi. Lori likikusukuma ukashuka kwenye udongo, usijaribu kurudi juu ya lami pole pole kwa kuikwaruza pembeni. Lami iko juu kuliko udongo, mahali pengine kwa upana wa kiganja. Gurudumu la mbele likigusa ukingo kwa pembe ndogo halipandi, linateleza sambamba na ukingo, usukani unajipinda, na wewe unaangukia upande wa kulia, yaani mbele ya gari lililo nyuma yako. Punguza mwendo ukiwa huko huko chini, simama, angalia nyuma, inua gurudumu la mbele kwa mkono, ndipo uendelee. Kama ni lazima upande ukiwa unakwenda, geuza gurudumu likutane na ukingo karibu mraba, usimame juu ya pedali, uzito uwe nyuma.

City Mall unaingia Links Road kwa kushoto, bila kumkatia mtu. Links Road ina magari mengi ya nyumbani na tuktuk, lakini malori ni machache, na matatu hazipiganii abiria kama kule Kongowea. Mwisho wake, kwenye makutano ya Ratna, unahitaji kukata kulia kuelekea darajani. Hapo pia shuka uvuke kwa miguu.

Darajani: asubuhi, shuka usukume kwenye njia ya waenda kwa miguu. Daraja halifiki nusu kilomita, ni dakika tano au sita. Usiendeshe juu yake, kwa sababu saa hiyo imejaa watu wanaokwenda kazini na watoto wa shule, na ni nyembamba. Sababu za kutokwenda kwenye lami ni mbili. Ya kwanza ni maungio ya daraja, yale mapengo yanayokatiza barabara. Yakiwa na maji yanateleza kama sabuni. Ya pili ni upepo. Msimu wa kusi, ule upepo wa kusini, ukielekea kisiwani unakupiga kutoka kushoto na kukusukuma kulia, kwenye magari, tena kwa vishindo visivyolingana: lori likikupita linakukinga upepo kwa sekunde moja, likimaliza unarudi kwa ghafla. Hapo ndipo mtu hutapatapa.

BintiKizingo

Spoku36 amesema kweli, ila kuhusu daraja nitamwongezea. Ukilivuka kabla ya saa 12 na robo asubuhi, waenda kwa miguu ni wachache na unaweza kuendesha taratibu kwenye njia yao, mwendo wa mtu anayetembea haraka, ukishuka kila unapomkuta mtu. Baada ya hapo, sukuma. Na ukisukuma weka baisikeli upande wa barabara, wewe upande wa ukuta, ili usukani usimguse mtu na kumtupa kwenye lami.

Ukishuka kisiwani, mkondo mkubwa unakuvuta Buxton. Usifuate Digo Road kama ramani inavyokuambia. Digo Road asubuhi ni mikokoteni ya soko la Marikiti, tuktuk zinazogeuka ghafla na milango ya magari yaliyoegeshwa inayofunguliwa bila mtu kutazama. Pita Abdel Nasser ukiwa kushoto, kisha ingia Mji wa Kale mapema iwezekanavyo, ushuke Ndia Kuu mpaka Fort Jesus. Kutoka hapo Treasury Square ni hatua chache. Vichochoro ni vyembamba, na ndiyo maana vinafaa: hakuna gari linaloweza kukupita kwa kasi. Lakini mwendo wako nao uwe wa kilomita 10 kwa saa au chini, piga kengele kila pembe, na mbele ya msikiti au madrasa shuka. Kabro, yale matofali yaliyotandikwa njiani, ikiwa na umande au maji ya kufagilia inateleza, kwa hivyo kata kona ukiwa umesimama wima, usilalie upande.

Sasa matatu. Hawa wanasomeka, ndugu. Tazama mlango, usitazame taa za breki, nyingi hazifanyi kazi. Makanga akiwa ndani na mlango umefungwa, gari linaendelea. Akitoa mguu mmoja nje na mkono umeshika paa, gari linasimama ndani ya mita 20 au 30, na litasimama kushoto, pale pale ulipo wewe. Akianza kupiga bodi mara mbili, linaondoka, na dereva anatazama kioo cha kulia, hakioni cha kushoto. Kwa hivyo usipenye kati ya matatu na ukingo hata kama pako wazi, maana abiria anashuka hapo hapo. Ngoja nyuma yake, mita 4 au 5, iondoke. Kama imesimama na haiondoki, tazama nyuma, toa mkono wa kulia, pita kwa kulia ukiiacha mita moja na nusu.

Jioni mambo yanageuka. Kutoka daraja kwenda Links Road unahitaji upande wa kulia, na kutoka Links Road kuingia Malindi Road pale City Mall pia ni kulia. Vyote viwili kwa miguu. Kuna watakaokushauri unyooke Kongowea na Kengeleni, pale penye ile kengele ya Freretown, kwa sababu kote huko uko kushoto na hukati kokote. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini Kongowea ni soko la jumla, na jioni pembeni mwa barabara kuna maganda, majani ya kabichi na maji ya samaki, na steji zimefuatana. Kukata kulia mara mbili kwa miguu ni salama kuliko kusimama nyuma ya matatu mara ishirini. Faida yako ni moja: kuingia Kiembeni jioni ni kushoto, raha mustarehe.

Toka kazini saa 11 kamili, usipige soga. Jua letu linazama karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, na giza halichelewi. Na ile saa moja ya mwisho jua linakuwa nyuma yako upande wa kushoto, unaona kila kitu vizuri, lakini dereva anayekuja kutoka Mtwapa limempiga machoni. Anayetaka kukata kulia mbele yako hakuoni. Kila ukimwona mmoja amesimama katikati anangoja nafasi, acha kupiga pedali na shika breki.

Fundi_Tononoka

Swali la tatu ni langu. Usinunue kitu kipya kabla ya kukagua ulicho nacho.

Anza na rimu. Chukua sumaku yoyote, hata ya spika mbovu, uiweke kwenye rimu. Ikishika, ni chuma, na rimu ya chuma ikilowa breki za raba hazishiki mpaka gurudumu lizunguke mara kadhaa. Kwa mtu wa Malindi Road msimu wa masika hiyo haifai, tafuta rimu za alumini. Isiposhika, iko sawa. Raba za breki zikiwa zimelika mpaka mifereji haionekani, badilisha zote nne kwa pamoja. Zikae katikati ya ukuta wa rimu: zikipanda juu zinakata tairi, zikishuka chini zinaingia kwenye spoku. Kisha vuta breki ya mbele kwa nguvu ukiwa umesimama. Mkono wa breki ukigusa usukani, waya umelegea au umeshaanza kukatika. Chunguza ncha yake pale unapoingia kwenye mkono wa breki, ndipo nyuzi huanza kukatika moja moja, na chumvi ya hewa yetu inaharakisha kazi.

Tairi zenye meno ni za udongo. Kwenye lami na kabro zinashika vibaya na zinakuchosha. Weka laini za 26 kwa 1.75, upepo paundi 50 hadi 60 kwa mtu wa kilo 70. Siku ya mvua shusha hadi 45. Zisiwe nyembamba zaidi ya hapo, zitaingia kwenye mapengo ya mifuniko ya mitaro.

Pancha za Malindi Road nyingi hazitokani na misumari. Ni waya mwembamba kama sindano unaotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Unaziba tyubu, unapiga upepo, asubuhi imelala tena, ukamlaumu fundi. Kumbe waya bado umo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, si kidole: kitambaa kitanasa pale ulipo, uung'oe kwa koleo. Ndipo uzibe. Sugua tyubu kwa msasa mpaka rangi ya kung'aa iishe, paka sulusheni, ile gundi ya tyubu, kwa upana kuliko kiraka, ngoja dakika tatu hadi tano mpaka ukigusa hainati, kisha bandika na ukandamize kutoka katikati kwenda nje. Anayebandika sulusheni ikiwa mbichi, kiraka chake kitafunguka jua likipasha barabara.

Mfukoni beba tyubu moja nzima, vifungua tairi viwili vya plastiki, pampu ndogo, na spana ya 15 kama magurudumu yako yanafungwa kwa nati. Barabarani badilisha tyubu, viraka fanya nyumbani.

Cheni: upepo wa bahari unaitia kutu ndani ya siku mbili ikilala nje baada ya mvua. Kila wiki ipanguse kwa kitambaa kikavu, tone moja la mafuta kwa kila kiungo upande wa ndani, zungusha pedali dakika moja, kisha panguza tena mpaka nje iwe kavu. Mafuta yanafanya kazi ndani ya kiungo, ya nje yanakusanya mchanga tu. Msikubali kupakiwa oili chafu ya gari, ina unga wa chuma na itakula gia zote. Kujua kama cheni imekwisha, pima kwa rula kutoka pini ya kwanza hadi ya 25: mpya ni inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, badilisha kabla haijala gia za nyuma.

Taa ya nyuma nyekundu iwe ya kuwaka moja kwa moja, si ya kupepesa peke yake. Inayopepesa inaonekana mbali, lakini dereva hawezi kukadiria uko umbali gani. Ukiweza weka zote mbili. Na kioo kimoja upande wa kulia wa usukani kina thamani kuliko nusu ya vitu vinavyouzwa dukani.

Mja_wa_Kiembeni

Mungu awalipe kheri. Maswali mawili madogo. Jirani ananiambia nipite njia ya ndani, Mtopanga, Mlaleo, Bakarani, mpaka nitokee Kengeleni, nisiione Malindi Road kabisa. Na siku ya mvua kubwa nifanyeje?

Mlaleo_Juu

Njia ya ndani mwendo wa magari ni mdogo, hilo ni kweli, na ukigongwa na tuktuk ya kilomita 20 si sawa na lori la 60. Lakini barabara ya Kisauni ni nyembamba, haina pembeni, na bodaboda wanakuja kinyume upande wako bila wasiwasi. Akikujia hivyo, baki kushoto, punguza mwendo, mwache yeye akuzunguke kwa kulia. Mkianza wote wawili kubahatisha upande mtagongana. Tena mwisho wa safari utatokea Kengeleni na itabidi upite pale pale Kongowea, saa ambayo malori ya mboga yanamaliza kushusha. Kwa mtu wa Mlaleo au Bakarani haina badala. Kwa mtu wa Kiembeni, itumie siku ambayo Malindi Road imefungana au kuna ajali.

Mvua: ile ya rasharasha si tatizo, bana breki kidogo kidogo kila dakika ili rimu ikauke. Mvua ya Mei ni jambo jingine. Maji yakifunika lami huoni mtaro usio na mfuniko wala shimo. Kanuni ni hii: kama huoni mstari wa ukingo wa lami, usiendeshe. Kama maji yanafika katikati ya gurudumu, usisukume pia, rudi. Siku hizo panda matatu, baisikeli ibaki nyumbani.

Mtongwe_Kwetu

Samahani kuingilia. Na sisi wa ng'ambo ya Likoni, tunaofanya kazi huko huko Treasury Square?

BintiKizingo

Karibu, kaka. Yenu ni fupi, na hatari yake iko kwenye feri. Ile ngazi ya chuma inayoshuka majini imelowa muda wote na ina utelezi wa kijani, kwa hivyo shuka kabla hujaifikia, shika breki zote mbili, sukuma. Ndani ya feri simama pembeni, baisikeli iegemee kwako isimwegemee mtu, na pedali ya upande wa watu igeuze juu, isikwaruze miguu ya watoto. Feri ikigota usikimbilie mbele. Acha kundi lote litoke, na magari yaondoke, utaipata barabara karibu tupu.

Ukipanda kutoka Ferry usifuate Nyerere Avenue. Vuka kwa miguu upande wa kulia uingie Mama Ngina Drive, upite kando ya bahari mpaka Kizingo, kisha ushuke Fort Jesus. Ni ndefu kidogo, lakini matatu hazina steji huko. Msimu wa kusi upepo unakutoka baharini kwa ubavu wa kulia, na haukusukumi kwenye magari, unakusukuma ukingoni. Jioni ukirudi ni kinyume chake, kwa hivyo kaa macho.

Spoku36

Ndugu wa Kiembeni, kabla hujaanza kazini kwa baisikeli, ipite njia hii Jumapili saa 12 na nusu asubuhi, barabara ikiwa tupu. Simama kila kivuko nilichokutajia, chagua kabisa mahali pa kushuka na mahali pa kupandia tena. Kisha ipite mara ya pili siku ya kazi, saa ile ile utakayokuwa ukisafiri, bila haraka ya kufika. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa na vivuko vyote kwa miguu, weka saa moja na robo. Ondoka saa 12 kasorobo, jua bado halijachomoza. Utafika saa 1 kamili, unabaki na saa nzima ya kupoa na kubadilisha nguo. Maji beba lita moja, na shati la kazi likunje ndani ya mfuko wa plastiki, joto letu halimwachi mtu mkavu. Na rudi hapa utuambie ile lami ya Malindi Road kama bado imemeguka, wengine wanataka kujua.